Mama wa Kasha, Baba wa Kadi

Kiti cheupe cha plastiki kilikuwa kikielea mbele ya nyumba ya Doña Elodia. Kilipofika usawa wa sanduku la barua, kikaganda, na maji yakaganda nacho. Kompyuta ya Nohemí ikavuma kama mashine ya kukaushia nywele, kisha ikazimika.

"Kiti changu kimekwenda wapi?" aliuliza Doña Elodia, aliyekuwa amevaa miwani yake ya kanisani makusudi ili akione.

"Hakijakwenda popote, mama. Kompyuta imechoka."

"Mimi nimewazidi umri wote humu ndani na sijachoka. Yenyewe imefanya kazi gani?"

Nohemí aliinama karibu na mama mkwe wake. Aliishika mashine kwa chini, akautoa mkono upesi. Ungeweza kupasha chapati ya tortila juu yake.

Mambo yalikuwa hivi. Hapa mtaani kwetu Tres Mezquites, mvua kubwa ikinyesha, maji huingia majumbani. Bodi ya mifereji ya kaunti imekuwa ikituambia tangu enzi za baba zetu kwamba maji yetu hutelemka vizuri kwenda mfereji mkubwa, na kwamba tukifurika ni kwa sababu ya takataka zetu wenyewe. Walimwambia hivyo baba yake Librado, huyu mume wa Nohemí, na mzee huyo akafa na buti zake za mpira zikiwa mlangoni. Waliosema tunawakumbuka kwa majina. Waliocheka tunawakumbuka pia.

Lakini mwaka huu kulikuwa na droni. Nohemí hupiga video za harusi na za sherehe za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, na alikuwa amenunua droni mpya inayopiga picha kubwa, safi kiasi cha kuhesabu shanga za gauni kutoka angani. Siku ya mafuriko ya Juni, upepo ulipolegea, alipanda juu ya pikapu ya mumewe akairusha hadi mwisho wa urefu unaoruhusiwa na sheria. Ilirudi na ushahidi. Viti, ndoo, tairi, vyote vilikuwa vikitoka mferejini kuja majumbani. Maji yalikuwa yakirudi nyuma.

Katika mkutano uliopita alikuwa amepeleka filamu iliyofinywa iwe ndogo na hafifu, kwa sababu kompyuta yake haikuweza zaidi ya hapo. Mhandisi wa bodi, Pruitt, aliinamisha kichwa mbele ya ukuta wa sinema. "Naona kitu cha kahawia," alisema. "Inaweza kuwa barabara." Mwenyekiti Zamarripa, aliyezaliwa mtaa wa nyuma yetu na sasa anaishi penye geti na mlinzi, akacheka naye. Kisha akatangaza kwamba mkutano ujao utapiga kura ya kuyafunga malalamiko ya Tres Mezquites moja kwa moja.

"Si ulisema kuna ujanja wa nakala nyepesi?" Librado alimuuliza mkewe sasa.

"Nakata kwa nakala nyepesi, sawa. Lakini ukitaka kumwonyesha Pruitt kiti kutoka juu kule, lazima uvute karibu, na kuvuta karibu kunataka faili lenyewe, zima. Nikiligusa, ndiyo hivyo umeona."

"Basi twende mjini tukanunue."

"Kwa pesa gani?"

"Twende tu. Kuangalia ni bure."

*

Kuangalia hakukuwa bure. Kijana wa dukani, mwenye beji kubwa kuliko kifua, alimsogelea Librado kwa tabasamu. "Kompyuta ya shule ya watoto?"

"Mimi dereva tu, bwana. Bosi huyu hapa."

"Nahariri video za droni," alisema Nohemí. "Nataka kadi ya picha yenye nguvu, RAM ninayoweza kuiongeza baadaye, na mashine isiyozimika ikipata joto."

Kijana alinyanyua kompyuta nyembamba kama bahasha. "Hii ni nyepesi sana, mama. Inakuja kwa rangi tatu."

"RAM yake inaongezeka?"

"Hapana, imefungwa humo humo. Ila kuna wingu, utahifadhi huko."

"Kwetu kukiwa na wingu umeme hukatika," alisema Librado.

Nohemí alitoa kidude chake cha kuhifadhia faili mfukoni. "Naomba nicheze filamu yangu humu nione kama itaganda."

"Hairuhusiwi. Utaratibu wa duka."

"Ukinunua pikapu huipakii mzigo kwanza ukaiona mlimani?"

"Hapa hakuna mlima, mama," alisema kijana, na wateja wawili kwenye foleni wakacheka. Nohemí akakirudisha kidude mfukoni.

Mashine iliyofaa ilikuwepo, nyuma, ndani ya kabati la kioo. Bei yake ilikuwa zaidi ya thamani ya pikapu waliyokuja nayo. Kijana aliwapeleka kwenye meza ya mkopo, akaanza kubonyeza. Akauliza anwani, akaandika, akakunja uso.

"Mtaa huo haupo kwenye mfumo."

"Nimetoka huko asubuhi hii," alisema Nohemí.

"Mfumo unakupa mtaa ulio karibu. Nichague Barabara ya Maghala?"

Nohemí alimtazama mumewe. Barabara ya Maghala ndiyo ile iliyojengwa juu ya tuta miaka minne iliyopita. Maghala yale yana pampu zinazosukuma maji yao ya mvua kwenye mfereji wetu, na tangu hapo tunafurika zaidi; nayo yalipata anwani kabla rangi haijakauka.

"Usichague kitu," alisema. "Afadhali nikose kompyuta kuliko nikae na wale hata kwenye karatasi."

Njiani kurudi Librado aliendesha mpaka walipopita uwanja wa mpira. Kisha akasema, "Beji ile lazima ina RAM nyingi. Mwenyewe hana." Nohemí alicheka mpaka akalazimika kufuta macho.

*

Jumapili baada ya misa, majirani wote walikuwa uani kwa Doña Elodia wakila nyama ya barbacoa. Habari ya dukani ilisimuliwa, na Librado aliiga sauti ya kijana vizuri kuliko kijana mwenyewe. Watu walicheka. Doña Elodia hakucheka. Alikuwa akifikiri, na akifikiri huacha kutafuna.

"Binti yenu Yesenia alipotimiza miaka kumi na mitano," alisema, "mlinunua nini?"

"Hatukununua kitu, mama," alisema Librado. "Mimi nilivaa suti nikala."

"Basi. Hiyo kompyuta ina viungo vingapi?"

"Mama," alisema Nohemí, "kompyuta si binti."

"Ina kichwa, ina macho, ina tumbo linalopata joto. Imekosa gauni tu."

Kwetu hakuna baba anayegharamia sherehe ya binti yake peke yake. Kila kitu hupata mzazi wake wa ubatizo, na wazazi hao na wa binti huitana kompadre na komadre. Keki ina mama yake, taji lina mama yake, muziki una baba yake. Anayeombwa hakatai, na anayepewa hachagui. Unapokea kilicholetwa, unashukuru, unakitumia mbele za watu. Ndivyo maskini wanavyofanya harusi zinazowashangaza matajiri, na hakuna benki iliyowahi kuulizwa.

Uani kukawa na kelele. Ndugu wawili wa familia ya Ochoa walichukua RAM. Wanawake wa chama cha rozari walichukua diski, wakauliza kama inaruhusiwa kubarikiwa. Doña Elodia mwenyewe akawa mama wa feni, maana joto alisema analijua. Chon, fundi wa kunyoosha bodi za magari, akajifuta midomo. "Cha ghali zaidi ni kipi?"

"Kadi ya picha, kompadre. Hiyo usiiguse, nitai—" alisema Nohemí.

"Ni yangu. Baba wa kadi ni mimi."

"Na kinachoonekana na watu ni kipi?" aliuliza Chayo, mwenye saluni, mwanamke ambaye hajawahi kutoka nje bila hereni.

"Kasha, komadre. Sanduku la nje."

"Basi mama wa kasha amepatikana."

"Ila komadre, kuna vipimo. Lazima liwe na—"

Chayo aliinua kiganja. "Mimi nimekufundisha kurusha droni?"

"Hapana."

"Basi usinifundishe kuchagua kitu kizuri."

Nohemí alijua namna inavyopasa kufanywa, na alijua hakuna aliyewahi kumwambia mama wa keki upana wa keki. Akanyamaza. Hilo lilikuwa kosa lake, na katika watu waliokuwepo hakuna ambaye asingelifanya.

*

Jumamosi kabla ya kura vitu vyote vilikuwa juu ya meza ya jikoni. Nohemí na Librado walikuwa wameongeza ubao mkuu, prosesa na kifaa cha umeme. Chon alifungua boksi lake taratibu, kama anayemfungua mtoto nepi. Kadi ilikuwa ndefu kama mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole, na ilikuwa na feni tatu. Watu walipiga makofi.

Kisha Chayo akaondoa kitambaa juu ya kasha lake. Lilikuwa dogo, la rangi ya waridi, lenye kioo ubavuni na kingo za dhahabu. Lilikuwa zuri kweli. Mmoja wa wanawake wa rozari alifanya ishara ya msalaba.

Nohemí aliweka ubao ndani, ukaingia. Aliweka RAM, diski, feni. Akashika kadi, akaipeleka ndani ya kasha, akairudisha. Akaigeuza. Akaipeleka tena. Upande mmoja ulikaa mahali pake. Upande wa pili ulibaki nje kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha mtoto.

"Sukuma," alisema Chon.

"Hakuna pa kusukuma, kompadre."

"Kasha la kuwekea hereni hilo," Chon aliiambia hewa.

"Kadi kubwa kama majivuno ya mwenyewe," Chayo aliiambia hewa ile ile.

Hawa wawili walikuwa hawasalimiani vizuri tangu Chon alipolipaka gari la Chayo rangi ya waridi ambayo Chayo aliiita rangi ya samaki mbichi.

"Irudishwe moja dukani," alisema mmoja wa ndugu Ochoa, ambaye bado hajaoa na hajui mambo.

Zawadi ya mama wa ubatizo hairudishwi, na ya baba vilevile. Chayo alikuwa ameanza kuokota kitambaa chake, shingo imesimama. "Kama kasha langu linawazuia, nitalichukua nikaweke maua."

"Na mimi nitachukua kadi yangu nikaweke..." Chon alitafuta cha kuweka, akakosa.

"Kaeni," alisema Nohemí. Hakupandisha sauti, lakini watu waliokuwa wamesimama walikaa. "Mwanamume yule wa dukani alinicheka mbele ya watu, nikavumilia. Pruitt alisema mafuriko yetu ni barabara, nikavumilia. Jumanne watatufunga mdomo, na safari hii hawatahitaji hata kutucheka, kwa sababu tutakuwa tumegombana kwa bati. Komadre, nisamehe, kosa ni langu, nilikuogopa nikaacha kukwambia kipimo. Nakuomba ruhusa mbele ya hawa wote. Nataka kulikata."

"Kulikata kasha langu?"

"Hapa mbele. Na kulichomelea pua."

Chayo alikitazama kile kitu kizuri. Alikuwa amekitafuta wiki nzima. Wasichana wake wa saluni walijua. "Nani atakata?" aliuliza, ingawa alijua.

Chon alijikuna shingo. "Komadre, grainda ninayo. Mkono wangu hautetemeki."

"Na rangi?"

"Rangi tutachanganya pamoja. Wewe utasimama pale. Ukisema siyo, siyo."

"Nitasimama," alisema Chayo. "Na nitakuja na taa yangu ya saluni, maana gereji yako ni giza, ndiyo sababu gari langu linanuka samaki."

Walivitoa vyote ndani kwanza, kwa sababu unga wa chuma ukidondoka kwenye ubao hutapata kompyuta tena. Gereji ya Chon ilijaa watu mchana ule kuliko siku ya mechi. Alikata mbele ya kasha, akakunja bati, akachomelea, akapaka pati ya kusawazisha, akasugua. Kisha ikaja rangi. Chayo alikataa ya kwanza. Akakataa ya pili. Ya tatu akainusa, akaileta kwenye taa, akasema, "Ungenipaka hii wakati ule tungekuwa marafiki." Kasha lilitoka likiwa na pua ndefu kama ya lori la zamani, la waridi kutoka mbele hadi nyuma, na kadi ikaingia nzima, hewa ikipita pande zote.

Kompyuta ilipowashwa na filamu ikachezwa, kiti cheupe kilitoka mferejini, kikapita sanduku la barua, kikageuka, kikaenda mpaka kwenye ngazi za akina Ochoa bila kusita. Doña Elodia alikifuata kwa kidole.

"Kumbe nyie ndio mlio nacho," alisema.

*

Bodi huweka mikutano yake mchana wa siku ya kazi ili wenye kazi wasije. Tulikuja. Kila msemaji hupewa dakika tatu na kengele.

Nohemí alimkabidhi karani filamu yake. Karani aliichomeka kwenye kompyuta ya bodi. Picha ilitokea, maji yakatembea hatua moja, yakaganda. Ikazungukazunguka alama ya kusubiri.

"Inaonekana filamu yako ina kasoro," alisema Zamarripa. "Tutaitazama wakati mwingine."

"Kasoro si ya filamu," alisema Nohemí. "Mnipe nafasi ya kuchomeka mashine yangu."

"Dakika zako zinakwenda, bibi."

Nyuma ya ukumbi Chon na Chayo walikuwa wameshatoka. Walirudi wameibeba kompyuta katikati yao, huyu mkono huku, yule mkono kule, wakipishana na mlinzi mlangoni.

"Hicho ni nini?" mlinzi aliuliza.

"Binti yetu," alisema Chayo. "Shika mlango."

Kengele ililia wakati Librado akiingiza waya. Zamarripa akafungua mdomo. Chayo akawa wa kwanza: "Jina langu lipo kwa wasemaji. Dakika zangu nampa huyu."

"Na zangu," alisema Chon.

"Na za kwangu," akasema Ochoa, na mwingine, na wanawake wote wa rozari kwa pamoja kama wanaoitikia sala.

Filamu ilicheza. Ukuta mzima ukawa maji yetu, na kila ndoo ilijulikana ni ya nani. Hakuna aliyeona barabara. Pruitt aliinamisha kichwa kama mara ile, ila safari hii hakukiinua upesi.

"Vitu vinaelea," alisema Zamarripa. "Upepo unaweza kuvisukuma. Lango la kutolea maji yenu kwenye mfereji mkubwa lilikuwa wazi siku ile, usiku na mchana. Kumbukumbu zetu zinasema hivyo. Lango likiwa wazi, maji hayawezi kurudi."

Nohemí hakuwa amejiandaa kwa hilo. Lango halikuwemo katika filamu aliyoikata. Aliifunga, akafungua ile ndefu, isiyoguswa, akaipeleka mbele mpaka droni ilipogeuka juu ya mfereji mkubwa. Lango lilikuwa doa dogo kwenye kona. Kwenye mashine yake ya zamani angekuwa ameshapoteza kila kitu. Akavuta karibu. Akavuta tena. Feni za Doña Elodia zilipandisha sauti, na ukumbi mzima ukazisikia.

Gurudumu la lango lilijaza ukuta. Lilikuwa limezungushiwa mnyororo, na kwenye mnyororo kulikuwa na kufuli. Ubamba wa lango ulikuwa chini, maji yamejaa upande wetu tu.

Pruitt akauliza, taratibu, "Unaweza kusogea kushoto?"

Nohemí akasogea kushoto. Kwenye kufuli kulikuwa na kibandiko cha manjano chenye nembo ya kampuni ya maghala, yale yale yanayosukuma maji yao kwetu.

"Ufunguo wa lango la umma anao nani?" aliuliza Doña Elodia kutoka mstari wa kwanza. Hakuwa ameandikisha jina, na hakuna aliyepiga kengele.

Zamarripa alisema jambo hilo linahitaji uchunguzi. Pruitt alisema linahitaji mkasi wa kukatia chuma. Kura ya kutufunga haikupigwa. Badala yake waliandika, kwa mkono wa karani, huku sisi tukimsimamia, kwamba kufuli litakatwa kabla ya wiki kwisha na pampu za maghala zitazimwa mpaka bodi iseme vingine. Hatukuwapigia makofi. Mtu hapigiwi makofi kwa kuuondoa mguu wake shingoni mwako.

*

Alhamisi Pruitt alikuja mwenyewe langoni na wafanyakazi wawili. Alikuta mtaa mzima ukingoni, wengine na viti vyao, na barbacoa nyingine ikipashwa. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kitu kikivuma. Aliangalia juu, akaangalia chini, akamwona Nohemí na rimoti yake.

"Lazima mpige video na hii?" aliuliza.

"Lazima. Usiogope, mimi nimezoea mabibi harusi wanaolia."

Pruitt akashika mkasi wa chuma. Jua lilikuwa nyuma yake, uso wake giza tupu. Nohemí akatikisa kichwa.

"Samahani, mhandisi. Rudi hatua mbili, uanze tena. Na kidevu juu kidogo, tafadhali, watu wakuone ni wewe."

Akarudi hatua mbili, akainua kidevu, akakata.